Tangi Likikosa Hewa: Kabla ya Kuihukumu Injini



Kamati kadhaa za sharika zilizo kando ya Ziwa Victoria zimetuletea malalamiko kuhusu injini za kupachika zinazotumika katika miradi ya uvuvi. Maneno yao yanafanana: injini inawaka vizuri pwani, ikifika majini inazima, fundi ameshaifungua mara mbili, na sasa kikundi kinaomba nyingine. Katika toleo hili tumeona vema kueleza jambo moja dogo ambalo mara nyingi husahaulika, nalo ni hewa inayopaswa kuingia ndani ya tangi la mafuta. Tunaliandika kwa sababu sisi wenyewe wa ofisi ya miradi tulilisahau, na kusahau huko kulitaka kutugharimu injini, nahodha mwaminifu, na karibu watu watano.

Yaliyotokea mwaloni

Kikundi tunachokizungumzia ni cha wavuvi wa dagaa katika mwalo mmoja wa Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera. Kina mitumbwi miwili ya mbao. Ule wa kwanza una injini ya nguvu za farasi 15, ya aina inayotumia petroli iliyochanganywa na oili, iliyonunuliwa kwa fedha ambazo nusu ni ruzuku ya wafadhili na nusu ni mkopo ambao kikundi kinaulipa kila mwezi. Dagaa huvuliwa usiku, katika siku za giza ambapo mwezi haupo, kwa kuwa huvutwa na mwanga wa taa. Kwa hiyo mtumbwi ukishindwa kutoka kwa wiki mbili za giza, kikundi kimepoteza mwezi mzima, na rejesho la mkopo linakwama.

Mwaka jana katika siku hizo za giza injini ilianza ukorofi. Wakitoka jioni, baada ya mwendo wa dakika kumi au kumi na tano, ilianza kulegea, ikakohoa, ikazima. Nahodha alivuta kamba mpaka viganja vikachubuka. Wakitulia kidogo iliwaka tena, ikaenda dakika chache, ikazima tena. Asubuhi, wakirudi na mzigo, injini ile ile ilikwenda bila shida mpaka mwaloni.

Hilo la mwisho ndilo lililoleta fitina. Kamati ya kikundi ilijiuliza: ni injini gani inayoumwa ikienda kazini na kupona ikirudi nyumbani? Jibu likaonekana kuwa rahisi. Nahodha anauza petroli na kujazia mafuta ya taa, au amechoka na kazi. Hakuna aliyemwona akifanya hivyo. Alisimamishwa, akawekwa kijana mwingine.

Kijana alitoka na wenzake wanne. Injini ikazima kama kawaida yake, na safari hiyo haikuwaka tena, kwani kwa kuvuta kamba mno walikuwa wamelowesha plagi. Wanaolijua ziwa wanajua kwamba usiku upepo hutoka nchi kavu kuelekea majini, na mchana hugeuka. Mtumbwi usio na injini usiku hausogei kuelekea nyumbani. Walikuwa na kasia mbili tu, na ndoo moja ya kukumbia maji. Kulipokucha walionwa na mtumbwi wa kikundi kingine wakavutwa. Tunamshukuru Mungu kwamba wote watano walirudi.

Mafundi wawili kwa nyakati tofauti walikuwa wameshaifanyia kazi injini hiyo. Plagi zilibadilishwa, kabureta ikasafishwa, na kiwambo cha pampu ya mafuta kikawekwa kipya. Kila fundi aliiwasha ndani ya pipa la maji, ikanguruma vizuri, akalipwa akaondoka. Ndipo jambo likatufikia sisi. Tulisoma taarifa, tukaona fedha zilizokwisha kutumika, tukaandika rasimu ya barua kwenda kwa wafadhili kuomba injini nyingine. Ilikuwa imebaki saini.

Siku tuliyokwenda mwaloni kufunga hesabu alikuwapo mzee mmoja, fundi wa zamani wa injini, aliyekuja kudai spana yake. Hakuigusa injini. Alilishika tangi, akapitisha kiganja ubavuni mwake, akatuuliza: "Watu wa dayosisi, hili tangi linapumulia wapi?" Ubavu wa tangi ulikuwa umebonyea ndani kama shavu la mtu anayenyonya mrija. Alipolegeza kifuniko tulisikia sote hewa ikiingia kwa sauti, fyuuu, na ubavu ukarudi mahali pake kwa kishindo kidogo. Kitundu cha hewa kwenye kifuniko kilikuwa kimezibwa na sabuni ya mche.

Kwa nini mafuta yanahitaji hewa

Mama anayefungua kopo la maziwa hutoboa matundu mawili, moja la kumiminia na jingine la hewa. Akitoboa moja tu, maziwa yatadondoka kidogo kisha yatagoma, ingawa kopo limejaa. Tangi la boti ni hivyo hivyo. Kila lita ya petroli inayonyonywa na injini inaacha nafasi, na nafasi hiyo lazima ijazwe na lita ya hewa kutoka nje. Hewa isipoingia, ile iliyomo ndani hutanuka, presha yake hushuka, nayo huanza kuyavuta mafuta yarudi tangini wakati injini inayavuta kwenda mbele.

Katika mvutano huo injini ndiyo inayoshindwa. Pampu ya mafuta ya injini hizi ndogo haitumii umeme. Ni kiwambo chembamba kinachotikiswa na mapigo ya hewa kutoka ndani ya injini, na nguvu yake ya kunyonya ni ndogo. Inatosha kuinua mafuta kutoka tangi lililo sakafuni, wala haikutengenezwa kupambana na tangi lililozibwa.

Sasa lile fumbo la kuumwa wakati wa kwenda na kupona wakati wa kurudi. Injini ya farasi 15 ya aina hii, ikiendeshwa kwa nguvu zote, hunywa kama lita 6 hadi 8 kwa saa. Tuseme 7. Maana yake lita moja huisha kwa dakika zisizofika tisa. Tangi la kikundi ni la lita 24. Jioni hujazwa lita 20, hivyo juu hubaki nafasi ya hewa ya lita 4. Lita moja ikinyonywa, hewa ya lita 4 inalazimika kujaza nafasi ya lita 5, na presha inashuka kwa kama moja ya tano. Asubuhi petroli iliyobaki ni lita 10, nafasi ya hewa ni lita 14, na lita moja ikinyonywa presha inashuka kwa moja ya kumi na tano tu. Hesabu hii ni ya darasani. Petroli nayo hutoa mvuke, na kuta za plastiki hubonyea, kwa hiyo ziwani mambo huja polepole zaidi. Lakini mwelekeo wake ni huo: tangi lililojaa hukaba upesi, tangi lililopungua huvumilia.

Ongezeni na hili. Usiku kucha injini imezimwa wavuvi wakisubiri dagaa wakusanyike kwenye taa, na hewa hupenya taratibu kwenye hesi za kifuniko mpaka tangi likapata nafuu. Pengine mtu hufungua kifuniko kutazama mafuta yaliyobaki. Asubuhi mtumbwi umejaa mzigo na nahodha anakwenda polepole, injini hainywi sana. Basi inafika. Yule nahodha alikuwa amesema tangu mwanzo kwamba injini "inakabwa", na kumbe hakuna neno ambalo lingefaa zaidi. Sisi wenye shahada hatukulisikia.

Kuna hasara nyingine ambayo haionekani mara moja. Injini inayotumia petroli iliyochanganywa na oili haina oili nyingine ya kulainisha pistoni. Mafuta yakipungua wakati bado inazunguka kwa kasi, oili nayo inapungua, joto linapanda, na pistoni inaweza kung'ang'ania ndani ya silinda. Hapo ndipo kitundu kidogo kama kichwa cha sindano kinapoua injini ya mamilioni ya shilingi, na fundi ataandika kwa haki kabisa kwamba injini imekufa, asijue iliuawa na nini.

Jinsi ya kupima, hatua kwa hatua

Majaribio haya yafanyike mchana, karibu na mwalo, ziwa likiwa limetulia, wote wakiwa wamevaa majaketi ya kuokoa maisha. Asiwepo anayevuta sigara, na karabai, kwa wale ambao bado wanazitumia, ziachwe nchi kavu.

Anzeni na tangi kabla ya kugusa spana yoyote. Matangi mengi ya kuhamishika yana skrubu ndogo juu ya kifuniko. Ikikazwa, hewa haipiti; ikilegezwa, hewa inapita katikati yake. Hakikisheni imelegezwa. Hili linaonekana ni jambo la kitoto, lakini tukiwa wakweli, injini nyingi zinazozima dakika chache baada ya kutoka mwaloni zimezimwa na skrubu ambayo mtu aliikaza jana na hakuna aliyeilegeza leo.

Ikiwa skrubu imelegezwa na injini bado inazima, angalieni mambo mawili wakati ule ule inapozima, kabla ya kuvuta kamba tena. La kwanza ni ubavu wa tangi: je, umebonyea? La pili ni ile pampu ya mkono, yaani mpira wenye umbo la yai ulio kwenye mpira wa mafuta. Ikiwa imefyonzwa ikawa bapa, mafuta yanazuiwa nyuma yake, upande wa tangi. Sasa legezeni kifuniko cha tangi taratibu, mkisikiliza. Hewa ikiingia kwa sauti, mmempata mwizi. Kazeni kifuniko nusu tu, msikiondoe, bonyezeni pampu ya mkono mpaka iwe ngumu, washeni injini, mwendeshe kwa kasi ya kawaida kwa dakika zisizopungua ishirini. Jaribio la dakika tano halina faida, maana hata tangi lililozibwa hukubali dakika tano. Hapo ndipo mafundi wetu wawili walipokosea: injini inayonguruma pole pole ndani ya pipa hainywi mafuta ya kutosha kuonyesha ugonjwa huu, na mara nyingi fundi hutumia tangi lake mwenyewe.

Injini ikienda vizuri kifuniko kikiwa kimelegezwa, ugonjwa ni tundu la hewa. Zimeni injini, chomoeni mpira wa mafuta, pelekeni kifuniko nchi kavu mbali na moto, mkalizibue tundu kwa waya mwembamba. Tazameni pia kile kipira kidogo kilicho chini ya skrubu, kwani kikizeeka hunata na kuziba ingawa skrubu imelegezwa. Kisha jaribuni tena kifuniko kikiwa kimekazwa kabisa. Msiishie kwenye jaribio la kifuniko kilicholegea mkaona yamekwisha. Tumekutana na mtumbwi uliosafiri hivyo miezi mitatu, maji ya mvua na mawimbi yakiingia tangini. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini, na mdomo wa bomba la kunyonyea uko chini vilevile. Mkiwa na shaka, mimineni mafuta kidogo kutoka chini ya tangi ndani ya chupa nyeupe, mwache yatulie. Maji yataonekana chini yakiwa na mstari wake.

Mafuta yakiwa hayana maji na injini bado inazima hata kifuniko kikiwa kimelegezwa, basi msiendelee kulilaumu tundu la hewa. Pampu ya mkono ikiwa bapa, kizuizi kiko kati ya tangi na pampu hiyo: chujio la ndani ya tangi limejaa uchafu, mpira umekunjwa chini ya ubao au chini ya mguu wa mtu, au ngozi ya ndani ya mpira imebanduka ikaziba njia. Pampu ya mkono ikiwa laini na haiwi ngumu hata mkiibonyeza mara ishirini, tangi limekwisha mafuta, au kuna mahali mpira unavuta hewa, hasa kwenye viunganishi na oringi zake, au valvu za pampu yenyewe zimechoka. Angalieni pia kama imefungwa kinyume: mshale ulioandikwa juu yake lazima uelekee kwenye injini. Na pampu ikiwa ngumu kabisa huku injini inazima, mafuta yanafika vizuri, na sasa ndipo fundi aitwe aanze na injini yenyewe.

Ombi moja tunalirudia kila tunapokwenda mwaloni. Msitoboe tangi au kifuniko kwa msumari uliochomwa moto. Tunajua ndivyo madumu yanavyotobolewa vijijini. Lakini dumu lililowahi kuwekwa petroli hubaki na mvuke hata likionekana tupu na kavu, na mvuke huo hulipuka. Kama ni lazima kutoboa kifuniko, kitolewe kwenye chombo chake, kioshwe, kikaushwe, kitobolewe mbali kwa keekee ya mkono. Tangi lenyewe lisitobolewe kabisa. Na mtu asizibue tundu kwa kupuliza wala kunyonya kwa mdomo.

Sabuni ilifuata nini pale?

Tulipouliza, watu walitazamana. Hatimaye Mama Mhazini wa kikundi, ambaye pia ndiye anayesimamia uanikaji, alisema ni yeye, tena alisema bila kuona haya. Miezi miwili kabla, mnunuzi alikuwa amekataa magunia ya dagaa kwa kuwa yalinuka petroli. Tangi lilikuwa linakaa juani mchana kutwa, likifurika kupitia kitundu cha kifuniko, mafuta yakitiririka mpaka kwenye mbao ambapo dagaa humwagwa. Alikwenda kwa vijana, akawaambia wazibe. Kila mtu anajua kwamba sabuni ya mche huzuia petroli inayovuja, maana petroli haiyeyushi sabuni. Wakaziba. Dagaa wakaacha kunuka. Kwa hesabu zake mama huyu alikuwa ameokoa mradi, na kusema kweli alikuwa ameokoa soko.

Kwa hiyo haitoshi kusema "msizibe tundu". Tangi linapumua pande mbili. Injini ikifanya kazi, hewa inaingia. Jua likiwaka, petroli na mvuke wake hutanuka na kutaka kutoka. Skrubu ikiwa wazi, harufu na mafuta hutoka mtumbwini. Skrubu ikiwa imekazwa, tangi huvimba. Na tangi lililovimba likiwa bado limeunganishwa na injini, presha hiyo husukuma petroli kupitia mpira mpaka kwenye kabureta, ikadondoka. Injini itakuwa ngumu kuwaka kwa kuwa imelowa. Lakini jambo la kuogopa zaidi ni kwamba mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupeperuki juu, bali hushuka na kulala kwenye ngama, chini ya mbao za kukanyagia, ukisubiri cheche.

Dawa yake ni utaratibu. Mkifika mwaloni, zimeni injini, kazeni skrubu ya hewa, chomoeni mpira wa mafuta kwenye injini, lipelekeni tangi kivulini nje ya mtumbwi. Jioni kabla ya kutoka, tangi lijazwe nchi kavu na lisijazwe mpaka juu, liachiwe nafasi ya kutanuka. Likishaingizwa mtumbwini, skrubu ilegezwe kwanza, taratibu, presha itoke, ndipo mpira uunganishwe. Tangi likae nyuma karibu na injini, lifungwe kwa kamba lisibiringike, na kati yake na sehemu ya dagaa pawe na ubao wa kuzuia. Katika kikundi chetu ubao huo ulipatikana kwa vipande vilivyobaki kwenye ukarabati wa mtumbwi, na Mama Mhazini ndiye aliyechagua urefu wake.

Kwa boti kubwa kidogo zenye tangi lililojengwa ndani, hewa hupita kwenye mpira mrefu unaotokea ubavuni mwa boti. Mpira huo lazima upande juu moja kwa moja. Ukilegea katikati ukafanya kama tumbo, maji au petroli hujikusanya pale na kuwa kizibo kamili. Nyigu nao hupenda kujenga kwa udongo kwenye mdomo wake boti ikikaa siku nyingi.

Neno kwa wanaotuletea matangi

Baadhi ya marafiki zetu wa ng'ambo hutuletea injini pamoja na matangi yake, nasi tunashukuru sana. Ni vema mjue kwamba matangi ya kuhamishika yanayotengenezwa kwa soko la Marekani tangu mwaka 2011, kwa sheria ya kuzuia mvuke wa mafuta kuchafua hewa, hayana skrubu ya kulegeza kwa mkono. Yana valvu inayojifunga yenyewe. Huruhusu hewa kuingia injini inaponyonya, lakini huzuia mvuke kutoka mpaka presha ya ndani ifike karibu kilopaskali 35. Kwa jua letu tangi hilo huvimba kama puto, na wavuvi wakiliona hudhani limeharibika. Halijaharibika. Lakini likiachwa limeunganishwa na injini litasukuma petroli kwa nguvu, kwa hiyo kuchomoa mpira ni lazima, na kifuniko kifunguliwe polepole mno, mbali na moto. Lisitobolewe. Likianza kubonyea ndani wakati wa safari, valvu yake imenata na kifuniko chake kibadilishwe. Tunawaomba basi wanaoleta matangi ya aina hiyo walete na kifuniko cha akiba, pamoja na karatasi ya maelezo, kwa maana vifuniko hivyo si rahisi kuvipata kwenye maduka ya huku.

Bajeti na daftari

Wafadhili hufurahi kuona picha ya injini mpya, na sisi tunafurahi kuwatumia. Hatujawahi kuombwa picha ya kifuniko cha tangi. Labda ndiyo sababu katika bajeti zetu za miaka yote hapakuwa na kifungu cha vitu vidogo: kifuniko cha akiba, mita kadhaa za mpira wa mafuta, pampu ya mkono, oringi, chujio. Kuanzia mwaka huu kila mradi wa boti unaopitia ofisi yetu una kifungu hicho, na kamati za sharika zinaombwa zisikihamishie kwenye posho za vikao.

Pia kila mtumbwi una daftari. Injini ikizima, nahodha anaandika muda tangu kutoka mwaloni, kiasi cha mafuta tangini, hali ya pampu ya mkono, na kilichotokea kifuniko kilipolegezwa. Hatutapokea tena ombi la injini mpya, wala mashtaka dhidi ya nahodha, bila kuona ukurasa huo. Kama daftari lingekuwapo mwaka jana, mtu yeyote angeona kwamba injini ilizima tangi likiwa limejaa tu.

Nahodha alirudishwa kazini baada ya kikao cha kikundi na wazee wa usharika. Hakurudi siku hiyo. Alitaka kwanza iandikwe kwenye muhtasari kwamba petroli yake ilikuwa safi, na isomwe mbele ya watu wale wale waliomsikia akishtakiwa. Ilisomwa. Rasimu ya barua yetu ya kuomba injini iko kwenye faili, haikusainiwa.

Mwezi uliofuata mtumbwi wa pili wa kikundi hicho nao ulianza kuzima. Nahodha wake alilegeza kifuniko, hakusikia kitu, na injini ikazima vilevile. Mafuta yalikuwa safi, lakini pampu ya mkono ilikuwa bapa. Akaandika hayo kwenye daftari, akarudi kwa kasia maana hawakuwa mbali. Fundi aliupasua mpira wa mafuta kwa kisu akakuta ngozi ya ndani imebanduka karibu na tangi. Walinunua mita mbili za mpira mpya Bukoba mjini, na jioni iliyofuata wakatoka.